Mtaro Uliolala Sawa

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kuchapa barua moja. Jina la mwenye ploti lilibadilika, nambari ya ploti ilibadilika, mengine yote yalibaki vilevile, mpaka vidole vikawa vinaichapa vyenyewe huku mimi nikifikiria mboga ya jioni. Ilikuwa miaka ya tisini, katika ofisi ya baraza la mji mmoja mdogo upande wetu wa Machakos. Mji sitautaja, kwa sababu waliokuwa wakubwa wangu bado wako hai na wengine tunakutana kanisani.

Barua ilisema hivi, kwa maneno marefu kuliko haya: umeomba kujenga, tumekubali, lakini nyumba yako italeta watu, watu wataleta maji machafu na magari, na barabara iliyo mbele yako ni ya udongo na haina mtaro. Kwa hivyo kabla hujapewa cheti cha kuingia nyumba, changia. Kifungu A: lipa baraza mchango wa barabara na mtaro kulingana na upana wa ploti yako, upewe risiti. Kifungu B: chimba mwenyewe kipande cha mtaro kilicho mbele ya ploti yako, kwa gharama yako, mpaka mkaguzi aridhike.

Niliiamini barua ile. Nasema hivyo bila aibu. Watu walikuja kaunta wakifoka kwamba baraza linawanyonya, nami niliwajibu kwa ukali: wewe unajenga vyumba kumi na viwili vya kupangisha, hao wapangaji wataoga, sivyo? Maji yao yaende wapi, yapae? Mzee mmoja aliposikia neno mchango alidhani ni harambee, akaniuliza mgeni wa heshima atakuwa nani. Nikamwambia hakuna mgeni wa heshima. Akasema basi, angengoja mchango mwingine ulio na mgeni.

Wote walichagua A. Waliguna, wakalipa, wakapewa risiti ya kijani na ruhusa yao. Pesa ziliingia katika akaunti ya barabara yao, na utaratibu ulikuwa kwamba zikitosha mtaro mzima, pamoja na kalavati ya kupitisha maji kule chini, ndipo baraza litachimba. Barabara ninayotaka kuisimulia ilikuwa na ploti kumi na moja, na waliokuwa wamejenga ni watatu. Kifungu B kilikuwa kwenye barua kwa sababu kilikuwa kwenye barua iliyotangulia.

Halafu siku moja mwezi wa Julai, mama yangu akapanga foleni.

Angeweza kunipa fomu nyumbani. Hapana, alipanga foleni, nyuma ya mwanamume aliyekuwa akiuliza habari za leseni ya kinyozi, akangoja zamu yake na mkoba wake kwapani. Alikuwa amestaafu ualimu mwaka uliotangulia, baada ya miaka thelathini katika shule moja ya msingi. Mimi nilipewa jina la mama yake, na kwa desturi yetu Wakamba hilo lilinifanya niwe mama yake, kwa hivyo aliniita mwaitu. Mimi nilimwita mami. Pale kaunta, kila mmoja alikuwa akimwita mwenzake mama, na yule wa leseni ya kinyozi alitutazama kwa wasiwasi.

"Mwaitu, niko na swali," akasema. "Nikichagua hii A, napewa risiti. Nikichagua B, nitapewa nini?"

"B haina risiti, mami. Ukimaliza kuchimba, mkaguzi anakuja, anatia sahihi, unapewa cheti."

"Kwa hivyo ile kazi yenyewe haina karatasi?"

"Karatasi ni cheti."

Alifikiri. Mama yangu alikuwa mtu wa karatasi, na alikuwa na sababu. Baba alipokufa, ndugu zake walikuja na maneno matamu, na baadaye bila maneno matamu, wakamuuliza mama ni wapi palipoandikwa kwamba ile nyumba aliijenga yeye na mshahara wake. Hapakuwa pameandikwa. Alitoka na kabati, vitabu na sisi wawili, mimi na dada yangu, akapanga chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Alikaa humo miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa amenunua ploti kwa jina lake kwenye barabara ile, amejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa pesa zake za kustaafu, mabati yamepanda juu, na mkobani mlikuwa na nauli tu. Alichobakiza kukitafuta ulimwenguni ni kile cheti, karatasi yenye muhuri inayosema huyu mama aingie nyumba yake. Akiingia bila cheti, baraza huja na mkebe wa rangi na kuchora X nyekundu ukutani, ya kusema nyumba haikubaliki. Mama aliiogopa ile X kuliko alivyoogopa nyoka. Alikuwa amechora X nyekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu kwa miaka thelathini, alijua inavyomkalia mtu.

"Basi nipe B," akasema. Nilitia alama kwenye B kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijiona mjanja sana, binti anayemsaidia mamake. Afadhali ningejikata kidole.

Huko kwetu mtu akiwa na kazi ya kuchimba haiti kibarua, anaita mwethya. Ni kikundi cha wanawake wanaozunguka shamba kwa shamba: leo kwako, wiki ijayo kwangu, jembe ni lako na chakula ni cha mwenye shamba. Mama alikuwa amechimba nao matuta ya mashambani tangu mimi nikiwa mgongoni. Walikuja Jumamosi tatu, wanawake kumi na sita, na mmoja wao alikuja na kamba na pima maji, kile kichupa chenye kiputo ndani, alichoachiwa na afisa wa kilimo zamani na kukitunza kama vyombo vya kanisa. Walipima, wakaimba, wakachimba. Mimi nilipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kulalamika kuhusu moshi.

Walipomaliza nilienda kuuangalia mtaro, na haki ya Mungu ulikuwa mzuri. Barabara ile inateremka, basi wao waliukata mtaro vipande sita, kila kipande chini kidogo ya mwenzake kama ngazi, na kati ya kipande na kipande wakaacha ukuta wa udongo walioupiga kwa nyuma ya jembe mpaka ukang'aa. Mwisho wa mtaro pia waliuziba. Ukingoni, upande wa nyumba, walipanda majani ya kushika udongo. Niliutazama wote, juu mpaka chini, mimi karani wa idara ya ujenzi, mwenye barua ile kichwani neno kwa neno, na sikuona kosa lolote. Nilimwambia mama hakuna mtaro kama huo wilaya nzima. Nilikuwa nasema kweli.

Mkaguzi alikuja Jumatatu, nami nikafuatana naye na faili. Alikuwa mtu wa kutoka kule ziwani, mrefu, mpole, asiyekula hongo, jambo ambalo pale ofisini lilihesabiwa kuwa ugonjwa. Alitembea kando ya mtaro. Akashuka ndani. Akatoa pima maji yake, akaiweka sakafuni, akainama kuangalia kiputo. Akaenda kipande cha pili, akainama tena. Vipande vyote sita. Mama na wenzake wawili walisimama juu wakitabasamu, kwa sababu walijua kiputo kilikuwa wapi.

"Sijawahi ona mtaro imelala sawa namna hii," mkaguzi akasema.

"Asante," mama akasema.

"Sasa mama, maji itaenda wapi?"

"Haiendi mahali."

"Haiendi?"

"Itoke iende wapi na ni yetu?"

Mkaguzi alinitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu, maana ndipo nilipoelewa. Mtaro wa baraza ni wa kufukuza maji. Wanawake wale maisha yao yote walikuwa wamechimba mitaro ya kuyakamata. Huko kwetu mvua huja inapotaka, na mtu anayeyaacha maji yateremke yapite shamba lake yaende mtoni husemwa vibaya hata matangani. Barua iliposema mtaro, kumi na sita walisikia mtaro, na mimi nilikuwa wa kumi na saba.

"Na mbu je?" mkaguzi akauliza.

"Udongo hii itakunywa hiyo maji kabla mbu ijue," akasema yule mwanamke wa mwethya mwenye pima maji.

Mkaguzi alieleza kwa adabu. Kuta zote zibomolewe, sakafu ipewe mteremko, mwisho ufunguliwe, maji yaende kwenye kalavati. Mama akamuuliza kalavati iko wapi. Akasema itajengwa. Mama akaonyesha kwa kidole ploti ya chini yake, ya jamaa mmoja aliyejenga ghorofa tatu, ambaye mbele yake hapakuwa na mtaro wala dalili ya mtaro, ila njia nyembamba ambayo watoto wa shule hupita. "Na huyu? Maji ikifika kwake?"

"Huyo alilipa A," mkaguzi akasema. "Hiyo ni faili ingine."

Faili hiyo nilikuwa naijua. Risiti ya kijani ilikuwa imebanwa juu kwa pini, safi kabisa.

Nilimwambia mama awaite wenzake tena, Jumamosi moja ingetosha. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyebahatisha jibu. "Niwaite niwaambie nini? Kujeni tubomoe?" Mwethya hauitwi kubomoa kazi ya mwethya. Hilo halikuandikwa popote, na mama, mtu wa karatasi, hakulihitaji liandikwe. Kwa hivyo tuliubomoa sisi wawili, asubuhi, kabla sijaenda kazini, siku nane. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na magoti mabaya. Hakuimba. Kila ukuta uliokuwa unang'aa aliupiga jembe la kwanza yeye mwenyewe, akakataa nimsaidie hapo, kisha tukautoa pamoja. Wenzake walipita wakienda sokoni, wakatusalimia, wakatazama upande mwingine. Nilikuwa na hasira na mkaguzi, na barua, na wale wanawake, na mama, na siku ya nane nilimfokea kwamba angekopa tu alipe A kama watu wengine. Alisema, "Mwaitu, shika upande ule, huku kumebaki udongo." Naona haya mpaka leo.

Mkaguzi alirudi, akaweka pima maji, kiputo kikakimbia upande, akatia sahihi. Mama alipata cheti chake mwanzo wa Oktoba. Alikipigilia misumari ukutani, ndani ya fremu iliyokuwa na picha ya harusi ya watu wengine, akahamia na lile kabati. Usiku wa kwanza nililala kwake. Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya fremu, miwani puani, anasoma cheti tangu juu mpaka sahihi, kisha anarudi juu.

Mvua ya Novemba ilikuja kama imetumwa. Maji yalifanya yale ambayo barua iliyasema. Yaliingia mtaroni, yakateremka vizuri, yakafika mwisho wa ploti ya mama, na hapo mtaro ukaisha. Yakaendelea kwa jamaa wa ghorofa. Wiki mbili tu, ile njia ya watoto ikawa korongo la kumfika mtu mzima kiunoni. Walimu walilalamika kwa chifu, chifu akaandikia baraza. Ile barua niliipokea mimi, nikaipiga muhuri, nikaiweka kwenye faili ya barabara, ambako pesa za watu watatu zilikuwa zikingoja pesa za watu saba.

Mama alikuwa amefundisha shule ile miaka thelathini. Sasa kila asubuhi, kandambili zake za plastiki miguuni, alisimama ukingoni mwa korongo na kuwashika mkono wale wa darasa la kwanza na la pili wavuke juu ya ubao. Nilimwambia si kosa lake. "Maji imetoka kwangu," akasema. Nikamwambia imetoka mbinguni. Akasema, "Ilipita kwangu, nikaifungulia mlango, ndio nipate karatasi." Siku moja ubao uliteleza na mtoto wa kike akaanguka ndani, akatoka na mkono uliovunjika juu ya kiganja. Mama ndiye aliyembeba hospitalini. Hakuniambia, niliambiwa na muuza mboga.

Jumamosi iliyofuata walikuwepo wote, wanawake kumi na sita, na kamba, na pima maji. Sijui aliwaambia nini. Walirudisha kuta zote sita, wakaziba mwisho, na wakaimba. Walipomaliza, wakashuka wakajaza korongo la mbele ya ghorofa kwa mawe na udongo, kipande ambacho si chao na kilichokuwa kimelipiwa na mtu mwingine. Mvua iliponyesha, maji yalikaa kwenye vyumba vyake sita, yakazama taratibu, na watoto wakapita wamevaa soksi.

Jamaa wa ghorofa hakulalamikia korongo alipokuwa nalo. Alilalamika sasa, kwamba mtaro wa jirani yake umezibwa kinyume cha masharti na utamharibia msingi. Msingi wake ulikuwa salama, lakini alikuwa na risiti, na mwenye risiti husikilizwa. Mkubwa wangu akaniita. Notisi kwa mwenye ploti: fungua mtaro katika siku kumi na nne, la sivyo rudisha cheti, na nyumba itiwe alama. Akaniuliza kama huyo si mama yangu. Nikasema ndiye. Akauliza kama nataka mtu mwingine achape. Nikasema hapana, wengine wanakosea kosea.

Nilichapa. Nilimpelekea kwa mkono, pamoja na kitabu cha kutia sahihi ya kupokea. Alisoma yote, kisha akauliza, "Umeandika wewe?"

"Mimi, mami."

"Umeandika vizuri. Haina kosa hata moja."

Akatia sahihi kwenye kitabu. Kisha akasimama juu ya kiti, akaitoa fremu, akafungua nyuma, akatoa cheti na kunipa. Nilimwambia ana siku kumi na nne, afikirie, nitaongea na mkubwa, tutakata rufani, sijui nini. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimeshika kitabu cha baraza, na machozi yaliangukia majina ya watu. "Mwaitu," akasema, "mtoto wa mtu alivunjika mkono. Chukua hii, peleka."

Nilipeleka.

Siku ya kumi na tano mkaguzi alikuja na mkebe. Ilikuwa Jumamosi nami nilikuwepo. Mama alimkaribisha chai, akamkatia na mkate. Alikunywa akitazama sakafu. Alipomaliza alishika brashi, akauliza, "Mama, niichore wapi?"

Baraza huchora X penye kuonekana na kila mpita njia, kubwa, mbele. Alikuwa anampa nafasi ya kusema nyuma, karibu na tangi, na sisi wote watatu tulijua. Mama alitoka nje, akatazama ukuta wake mweupe. Akaweka kiganja kando ya mlango, mahali ambapo mtu anayebisha hodi lazima aione.

"Hapa," akasema. "Na uichore imenyooka."

Aliichora. Mguu mmoja wa X ulitoka mrefu kuliko mwingine. Mama aliiangalia kwa miwani, alivyokuwa akiangalia madaftari, akasema itafaa.

Hakuna aliyekuja kubomoa. Baraza lilikuwa na kazi nyingine, kisha likawa na mkubwa mwingine, na barabara ile mtaro wake haukuwa umechimbwa mpaka nilipoacha kazi. Mama aliishi katika nyumba ile miaka kumi na miwili. Kila Desemba alipaka chokaa nje, yeye mwenyewe, na alipofika kando ya mlango aliweka chini brashi kubwa, akachukua ndogo, akazunguka X polepole bila kuigusa. Mwaka mmoja nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia, mami, ofisi yenyewe imesahau, mkaguzi alihamishwa, faili hata sijui iko wapi, funika hiyo kitu wageni wasiulize.

Aliendelea na brashi ndogo mpaka akamaliza ule mguu mrefu.

"Nifunike?" akasema. "Mwaitu, hii ndiyo risiti yangu."